Mpangaji wa Mlango wa Abiria

Fundi Kioo alikuwa na mazoea yake. Akimaliza kunyoosha mlango wa gari, rangi ikishakauka, hakuukagua kwanza kwa macho. Aliugonga. Aliinamisha kichwa, akagonga kwa kifundo cha kidole mara tatu kutoka chini kwenda juu, akisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua. Bati tupu lina sauti yake, na bati lililojazwa puti, ule uji mzito wa kuzibia mabonde unaokauka ukawa mgumu, nalo lina sauti yake. Masikio yangu hayajawahi kunidanganya, alikuwa akisema, na aliwaambia hivyo hata watu ambao hawakumuuliza.

Jumamosi hiyo, saa sita mchana, aliugonga mlango wa gari la mkwe wake mara tatu. Mlango ukagonga mara ya nne.

Akabaki vile vile, kidole hewani. Gereji ilikuwa na kelele zake za kila siku, kompresa ikinguruma, redio ya jirani ikigombana na mawimbi, mtu akipiga nyundo uani. Sauti ile haikutoka huko. Ilitoka ndani ya bati lenyewe, taratibu, kama mwenye nyumba anayeitikia hodi.

"Vipi, baba? Ni zima?" aliuliza mkwe wake.

Mkwe huyu alikuwa fundi umeme wa majumbani, kijana mpole wa kupitiliza, wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Gari lilikuwa la mkono wa pili, amelipata siku tatu tu zilizopita. Mkewe, binti wa Fundi Kioo, alikuwa na mimba ya miezi saba, na pikipiki yao haikuwa tena chombo cha kumpandisha mtu wa hali hiyo. Kabla hajampakia mkewe alitaka baba mkwe alitazame gari, maana kama kuna mtu anayezijua bodi za magari mjini hapo, alikuwa ni yeye.

Na kweli alizijua. Mlango huu alikuwa anaujua zaidi, kwa sababu alikuwa ameutengeneza mwenyewe.

Miaka minne nyuma gari lile lililetwa likiwa limegongwa ubavuni pale makutanoni, mwisho wa mtaa wa gereji. Dereva alitoka mtaani bila kusimama, na gari la barabara kubwa likamwingia upande wa abiria. Dada aliyekaa upande ule hakufika hospitali. Fundi Kioo aliufungua mlango akakuta kile alichotarajia kukikuta. Ndani ya kila mlango, nyuma ya bati la nje, kuna chuma kinene kilichokatisha kutoka bawaba hadi kitasa, na hiki kilikuwa kimepinda kama upinde. Hakuna aliyejua maana ya chuma hicho kuliko yeye. Mtu akigongwa mbele ana boneti na injini, akigongwa nyuma ana buti, na vyote hivyo vitajikunja kwanza kabla ya kumfikia. Ubavuni hana kitu. Ana bati, ana kioo karibu na kichwa, na kutoka bega lake hadi bampa la mwenzake ni upana wa kiganja. Kile chuma ndicho ukuta wake wote.

Lakini chuma kile kikishapinda hakinyooki, na kuagiza kingine ni kungoja wiki mbili. Fundi Kioo hakupenda gari lilale gerejini. Alipenda litoke haraka likiwaka, watu wageuke njiani waulize nani kalitengeneza. Basi alikikata akakitupa kwenye vyuma chakavu, akanyoosha bati, akajaza puti, akapiga msasa, akapiga rangi mpaka mtu angeweza kujitazama mlangoni akanyoa ndevu. Jina la Kioo alilipata kwa kazi za namna hiyo. Kulipata jina ni miaka, na mtu mzima aliyelipata hulishika kwa meno.

Angesema pale pale. Ilikuwa sentensi moja tu: mwanangu, mlango huu hauna chuma, niachie gari. Lakini sentensi hiyo ingezaa maswali, na maswali yangejulikana na mtaa mzima kabla ya jua kuzama.

"Zima kabisa," akasema. "Mwambie mwanangu apande bila wasiwasi."

Alhamisi yake mkwe alirudi peke yake kwa miguu. Alivuta stuli, akaangalia kushoto na kulia kabla ya kukaa.

"Baba, samahani. Nataka kukuuliza jambo, naomba usinicheke."

"Nimewahi kukucheka?"

"Siku ya harusi."

"Ile ilikuwa suruali. Sema."

Mkwe akashusha sauti. "Kile kioo cha upande wa mke wangu. Kila asubuhi nakikuta kina ukungu, hicho kimoja tu. Halafu katikati ya ukungu kuna alama ya shavu, baba. Shavu na sikio, kama mtu aliyelala akakiegemea. Nafuta, kesho ipo. Nilidhani ni watoto wa mtaani. Jana nikaangalia vizuri. Iko kwa ndani."

Fundi Kioo alikuwa ameshika kipande cha msasa. Akakikunja mara mbili, akakikunjua.

"Na harufu," mkwe akaendelea. "Inanuka puti mbichi, kama mlango umetengenezwa leo. Chini ya hiyo kuna harufu nyingine, kama ya msumari ulioushika kwa jasho siku nzima. Mke wangu haisikii. Yeye akikaa tu, analala. Hata mkanda hajafunga, kichwa kiko kwenye kioo. Na tukifika pale makutanoni..."

"Mkifika pale?"

"Anasema pita. Amefumba macho, baba, lakini anasema, 'Pita, hakuna mtu.' Juzi nikapita. Ni mke wangu, upande ule anauona yeye, mimi ukuta wa ghala unanizuia. Nikapita. Lori la mchanga likanipita nyuma ya buti, sikuona hata rangi yake, niliona vumbi. Nikamtikisa, nikamwambia kwa nini umeniambia hakuna mtu? Akaamka. Akaniuliza, 'Nimesema nini?'"

Ilipasa kuishia hapo. Mtu yeyote mwenye akili zake angesema lete hilo gari sasa hivi. Fundi Kioo naye alikuwa na akili, ila alikuwa na jina pia, na kati ya viwili hivyo alikuwa amezoea kulisikiliza jina. Akasema kesho asubuhi atapanda nao ajionee mwenyewe, huenda ni uchovu wa mimba. Aliona haya kabla hata hajamaliza kuyasema.

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi, jua limeshatoka, wauza magazeti wamejipanga, akaingia kiti cha nyuma. Binti yake alimgeukia akicheka. Alikuwa muuza dawa katika duka moja karibu na soko, mwenye ulimi mwepesi kama wa mama yake.

"Leo tumepata askari wa kutulinda. Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umelalaje?"

Hakumjibu. Alikuwa amekaa vizuri kitini, mkono uko tumboni, na kichwa kimeanguka upande, taratibu, kikakutana na kioo pale pale kwenye ile alama ya shavu, kikaingia sawasawa kana kwamba alama ilichukuliwa kwake. Harufu ikapanda. Mkwe akamwangalia baba mkwe kwenye kioo cha kati, akatia gia.

Mtaa ulikuwa mfupi, hatua mia tatu hivi. Walipita kwa fundi cherehani, wakapita kwenye geti la shule, na kadiri ukuta mrefu wa ghala ulivyokuwa ukikaribia ndivyo Fundi Kioo alivyoanza kusikia kitu ndani ya mlango wa mbele, kitu kilichokuwa kikijisogeza kutoka kwenye bawaba kuelekea kwenye kitasa na kurudi, kikikwaruza bati kwa ndani kwa kucha au kwa meno, hakikuwa na haraka, kama mpangaji anayetembea chumbani mwake akingoja chakula, na binti yake, macho yamefumba, shavu bado liko kwenye kioo, akafungua mdomo ikatoka sauti iliyokuwa na umri mkubwa kuliko yeye na kuliko baba yake na kuliko barabara yenyewe.

"Karibu kwangu, fundi," ikasema. "Umenipa nyumba nzuri."

Mbele, alama ya kusimama ilikuwa imeshaonekana.

"Pita," ikasema sauti. "Hakuna mtu."

"Simama," Fundi Kioo akanong'ona.

"Baba, mguu," mkwe akasema, na sauti yake ilikuwa imejaa kilio, "mguu hauji, baba, nauvuta hauji," na gari likaendelea kwenda, wala si kwa kasi, kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda, pua yake ikatokeza nje ya ukuta, na hapo ndipo Fundi Kioo alipoona ng'ambo ya kichwa cha mwanawe basi kubwa limeujaza mlango wote, taa zake, kioo chake, uso wa dereva wake aliyekuwa ameshaanza kupiga kelele, akajirusha katikati ya viti viwili akaivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili mpaka akasikia bega linalia. Gari likakwama. Basi likapita na kioo cha pembeni, likaking'oa kama mtu anayechuma tunda.

Binti akaamka. "Mbona tumesimama?" akauliza. Kisha akaona mikono ya baba yake bado imeng'ang'ania breki.

Mganga walimpata saa nne. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa mpira na sandali za mpira, mtaani wakimwita Dakika Tano, kwa sababu kila ugonjwa ulioletwa kwake, uwe wa mwili au wa majini, aliahidi kuumaliza kwa muda huo. Hakuja na mbwembwe. Alilizunguka gari mara moja, akanusa kioo, akaomba geti la gereji lifungwe. Majirani wakahamia kwenye mianya ya geti.

"Huyu aketi pale pale anapoketi," akasema, akimwonyesha binti kile kiti. "Mume asimame nyuma. Wewe fundi, fungua mlango, toa kitambaa chote cha ndani."

Fundi Kioo akafungua skrubu moja moja. Kila iliyotoka ilikuwa ya moto. Kitambaa kilipotoka, ndani ya mlango mlikuwa na giza ambalo halikustahili kuwepo saa nne ya asubuhi, giza la kina, na binti aliyekuwa ametulia akalegea, kichwa kikaenda kwenye kioo.

"Nani alikupa ruhusa ya kukaa humu?" mganga akauliza, kwa sauti ya mtu wa mapokezi.

"Fundi," ikajibu ile sauti.

Mkwe akageuka. Fundi Kioo akaangalia chini.

"Majini hayakai na chuma," mganga akamwambia, bila kuondoa macho mlangoni. "Mlango wenye chuma chake, hata ukae makutanoni mwaka mzima, hakiingii kitu. Huu una ukumbi mtupu. Damu imemwagika, na mwenye funguo ameacha wazi. Unafikiri litafanyaje, lipite? Sasa nisikilize. Litatoka kwa mambo mawili. Chuma kirudi, na wewe useme ulichofanya, useme mbele ya huyu anayeketi hapa, asikie. Usimwambie mumewe, usiniambie mimi. Yeye."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya gerejini mle. Alipiga magoti sakafuni kwenye vumbi la msasa, akamshika mwanawe mkono.

"Mama," akasema, "humu ndani kulikuwa na chuma. Mimi nilikikata. Nilijua kazi yake na nikakikata, nikaziba kwa puti. Jumamosi niliutambua huu mlango, nikanyamaza. Nikakupandisha."

Macho ya binti yakafunguka. Yalikuwa yake, yakamwangalia.

"Nyumba nyingine ipo?" mganga akauliza. "Likitoka hapa litatafuta. Ulifanya milango mingapi hivi?"

Kichwani mwa Fundi Kioo hesabu ilikuja yenyewe, bila kuombwa, gari moja moja na rangi yake. Kumi na saba. Akasikia pumzi za majirani kwenye geti. Akaona sura ya mkwe wake, ambayo kwa mara ya kwanza haikuwa na upole.

"Mmoja," akasema. "Huu tu."

Mganga akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akamtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyopendeza. "Haya. Ni neno lako. Choma chuma."

Alichomelea chuma alichokikata kwenye gari bovu lililolala uani, kinene kuliko kile cha zamani. Cheche ya kwanza ilipogusa, kioo kikajaa ukungu wote kwa mara moja, shavu likajichora, likaburuzika kutoka upande mmoja hadi mwingine likitafuta njia, na kutoka kwenye bati ikatoka sauti ya breki ndefu, ndefu, ya gari lisiloonekana, mpaka majirani wakatimka getini mguu niponye. Halafu kimya. Harufu ilikwisha. Binti alikuwa analia kwa kwikwi, mumewe amemkumbatia.

Jioni, alipokuwa anaondoka, binti alimfuata baba yake uani. "Nimekasirika," akamwambia, "na nitakasirika kwa muda mrefu. Lakini umesema. Ungeweza kunyamaza." Akamshika shavu. Fundi Kioo hakulala siku hiyo, wala zilizofuata hakulala vizuri. Mara mbili alichukua kalamu aandike yale magari kumi na sita na wenyewe. Mara mbili akasema kesho.

Wiki ya saba baada ya siku ile binti alikuja kukaa kwa mama yake, nyumbani nyuma ya gereji, kusubiri siku. Uchungu ulimshika saa tisa alasiri, mumewe akiwa juu ya paa la mtu upande wa pili wa mji. Mama akaita teksi kwa simu. Fundi Kioo alikuwa ndani anatafuta mfuko wa nguo za mtoto, uliokuwa umewekwa mahali pazuri mno, na alipotoka nao mbio alikuta teksi imeshaanza kuondoka. Mama alikuwa ameketi nyuma, upande wa dereva. Binti alikuwa upande wa pili, ameegemea.

Jua la alasiri lilipiga mlango ule, Fundi Kioo akajiona ndani yake, mzima, na mfuko mkononi. Mlango wa nyuma, teksi ya bluu. Alikuwa ameumaliza kwa siku moja, miaka miwili iliyopita. Ndani ya kioo binti yake alikuwa amefumba macho, amelegea, si mtu mwenye uchungu kabisa, na kioo kilikuwa kimeanza kufanya ukungu.

Alikimbia. Alikuwa na miaka hamsini na nane na makobazi miguuni, akapita kwa fundi cherehani, akapita kwenye geti la shule, akipiga kelele simama, simama, na hakuna aliyesimama, dereva alikuwa na redio na mama alikuwa anamshika binti mkono, na mbele ukuta wa ghala ulikuwa unaisha na kutoka barabara kubwa alisikia honi ya lori, ndefu, ya mtu asiyekusudia kupunguza, na mdomo wa binti yake akauona unacheza nyuma ya ukungu, neno moja, jingine, na dereva akatikisa kichwa kukubali, na breki za teksi hazikuwaka, na hapo Fundi Kioo, pumzi zimekwisha, kifua kinachanika, akaacha kuomba gari lisimame, akasema kitu pekee kilichokuwa kimebaki, akakisema kwa sauti iliyowatoa watu madukani.

"Kumi na saba! Mama, ni kumi na saba! Nilidanganya, ni kumi na saba!"

Breki zikawaka. Lori la mchanga likapita mbele ya boneti ya teksi, likaipangusa vumbi.

Alipofika, dereva alikuwa ameweka kichwa kwenye usukani, anarudia, "Nimeambiwa hakuna mtu, nimeambiwa hakuna mtu." Mama alikuwa analia. Binti alikuwa macho, jasho linamtiririka, uchungu umemrudia wote kwa pamoja.

"Sogea, mama," Fundi Kioo akamwambia binti, akifungua mlango. "Sogea katikati. Hapa nakaa mimi."

Akaingia, akajibana kati ya mwanawe na bati, akafunga mkanda. Akamwambia dereva aende polepole, asimame kila makutano, asimsikilize mtu yeyote isipokuwa macho yake. Teksi ikaondoka. Kwenye mbavu zake, ndani ya mlango, kitu kikajigeuza, kikajinyoosha, kikatafuta mkao mzuri wa kumwegemea.

Binti alingoja uchungu mmoja upite. Kisha akamkamata baba yake mkono, akaubana.

"Kumi na saba nini, baba?"

Njia ilikuwa ndefu, na makutano yalikuwa matano. Fundi Kioo akafuta uso, akaanza na ule wa kwanza.